Pai ya Aprikoti Ndani ya Kopo la Sita

Ijumaa asubuhi, Merle Cudahy alifungua kopo la sita la filamu akakuta pai.

Ilikuwa pai nzima, ya aprikoti, imejaa vizuri ndani ya lile kopo la bati la mviringo, kana kwamba aliyeioka alichukua vipimo vya kopo kwanza. Merle alikuwa mwendesha mitambo wa sinema ya Palisade, mjini Tanner Wells, tangu picha zilipojifunza kusema. Katika makopo alikwisha kukuta mende, mchanga, na mara moja soksi ya mtu. Pai ilikuwa mpya kwake. Aliitazama kwa muda, akairudishia kifuniko kwa adabu, akashuka ngazi kuwapigia simu polisi.

Aliyekuja ni Amado Urquidez wa polisi wa kaunti, mtu mnene, wa taratibu, asiyependa sinema za kauboi. Katika mji ambao majabali yake yamepigwa picha nyingi kuliko maharusi wake, hilo lilikuwa jambo la kusemwa kwa sauti ya chini. Yeye alilisema wazi. "Katika picha hizo," aliwaambia watu, "akiingia mtu mwenye jina kama langu, usianze kutafuna bisi. Atakufa kabla hujameza."

"Nani anajua habari ya pai?" alimuuliza Merle.

"Mimi na wewe. Na pai."

"Basi iwe hivyo. Waambie watu mkanda umepotea. Pai hukuiona. Haya, nieleze mkanda wenyewe."

Merle akaeleza. Filamu iliitwa Wezi wa Korongo la Pemberton. Ilipigwa mwaka 1933 kwenye majabali ya nyuma ya mji, na kampuni maskini kiasi kwamba majambazi wake walivaa mkanda mmoja wa bastola kwa zamu. Nakala zote zilidhaniwa zimeungua kabla hata moja haijafika mjini, hadi mkusanyaji mmoja wa Los Angeles, Bwana Prentiss Vogel, alipoipata moja: mikanda sita, makopo sita. Hata yeye alikuwa bado hajaitazama. Ilikuwa ionyeshwe kesho yake, Jumamosi saa nane mchana, mbele ya mji mzima. Ndani ya mkanda wa sita ndimo ulimokuwa Ule Mruko.

"Mruko gani?"

Merle alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Afande, umezaliwa hapa kweli? Gari la farasi limeponyoka, linakwenda kasi. Mpanda farasi analifuata, anaruka kutoka kwenye farasi wake, anadandia gari. Kampuni ile haikutupa kitu. Picha ya mruko waliitumia tena kwenye filamu nyingine nne, lakini kote waliikata mtu akiwa hewani, wakabandika sura ya nyota wa filamu hiyo ameshakaa. Tumeona watu wanne wakiruka. Hatujaona hata mmoja akitua."

"Na aliyeruka ni Hobe Lunsford."

"Ni Hobe. Hilo unalijua."

"Merle, hilo hata punda wa mji huu wanalijua. Ufunguo wa chumba hiki anao nani?"

"Mimi tu."

"Unajua jibu hilo linakupeleka wapi?"

"Najua. Lakini uongo ungenichosha kuukumbuka." Merle alikuna kidevu. "Jana makopo tuliyapandisha watu wanne. Mimi, Vogel, Hobe, na Idabel Crane aliyeleta kahawa na pai. Kisha tukashuka kunywa kahawa. Mlango sikuufunga. Vogel alikuwa anaingia na kutoka, kwenye gari lake. Idabel alikuwa mezani na jikoni. Hobe alikwenda kujaribu viti. Mimi nilikwenda msalani. Nikueleze zaidi?"

"Ishia hapo. Kopo la sita ulipanga kulifungua lini?"

"Kesho, onyesho likiendelea, mkanda wa tano ukikaribia kwisha. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Leo nimefungua kwa sababu mkanda wa miaka arobaini huaminiki. Nilitaka kuupapasa viungo vyake."

Urquidez alilinyanyua lile kopo, akanyanyua na la tano, akawa anapima uzito huku na huku kama mnunuzi wa matikiti.

Bwana Vogel alikuwa chini, amevaa suti ya kijivu na buti za kauboi ambazo hazijawahi kukutana na samadi.

"Mshike mzee wa huko juu," alisema kabla hajaulizwa. "Ufunguo ni wake. Mkanda usipopatikana kabla ya onyesho, naondoka na filamu zangu zote mnazoazima, nami nitamshtaki."

"Unajua anaishi hapa? Chumba nyuma ya pazia la sinema. Jengo ni la baraza la mji. Akishtakiwa, kazi na kitanda vinatoka kwa mlango mmoja."

"Nasikitika. Asingeiba." Vogel alivuta koti lake. "Na kuna jambo jingine, ingawa si la polisi. Jana nilimwomba yule mama aniwekee pai ya aprikoti. Marehemu bibi yangu alikuwa akiioka. Leo ananiambia imetoweka. Mji gani huu? Mtu anakula pai nzima peke yake?"

"Uliiomba mbele za watu?"

"Nilimnong'oneza. Sikutaka kugombaniwa."

Urquidez alimtazama vizuri usoni, akashukuru, akaenda zake.

Idabel Crane alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, mwenye mikono ya unga na ulimi wa pilipili.

"Umekuja kunikamata, Amado? Ngoja nivue aproni."

"Baadaye kidogo. Jana ulileta pai ngapi?"

"Mbili. Ya cheri, na ya aprikoti. Ya aprikoti alikuwa anaila marehemu mume wangu. Tangu afe haili mtu, lakini mkono umeshazoea, naoka tu. Kila wiki nairudisha nyumbani kama ilivyokuja."

"Nani anajua kwamba hailiwi?"

"Klabu nzima ya sinema, tunaokutana Palisade kila wiki. Hobe anaiita jiwe la msingi." Alicheka. "Jana ndiyo kwanza amepatikana mtu wa kuitaka, na jana hiyohiyo imeota miguu."

"Mama, walipopiga filamu ile ulikuwepo mjini?"

"Nilikuwa binti wa mchungaji. Kwa baba yangu sinema ilikuwa mlango wa jehanamu, tena mlango mpana, wa kupita gari la farasi." Akachungulia ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeona kitu cha kuchekesha mle chini. "Kunywa kahawa, mwanangu. Umepauka."

Hobart Lunsford alimpokea afande barazani kwake akiwa na kofia kichwani, maana Hobe kofia hakuivua ila kwa sababu. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mrefu, na goti moja baya alilolipata vitani, ingawa watalii walilipenda zaidi likihesabiwa kuwa la mruko.

"Merle si mwizi," alisema. "Nakwambia mapema. Mkanda huo umesahaulika Los Angeles. Huyu Vogel ana makopo mengi kuliko akili."

"Huenda. Wewe siku ya mruko unaikumbuka?"

"Afande, nikifa nitaikumbuka. Ilikuwa jioni. Jua linashuka nyuma ya milima, anga nyekundu kama jeraha. Mwongozaji kaniambia, Hobe, subiri mwanga. Nikasubiri. Nikaruka. Akalia machozi."

"Jioni."

"Asubuhi ningepata wapi nafasi? Nilikuwa na gari la maziwa. Miaka sita, toka mwaka thelathini, sikukosa asubuhi hata moja. Theluji, mafua, sikukosa. Muulize yeyote. Wewe mwenyewe ulianza kunywa maziwa yangu tumboni mwa mama yako."

"Ndiyo maana nimenenepa." Urquidez aliinuka. "Basi nitamwambia Vogel mkanda umesahaulika. Sijui kama atakubali. Ameapa kumshtaki Merle kesho onyesho likikwama."

Hobe aliishika kofia yake kwa ukingo. "Kumshtaki? Merle? Kwa nini Merle?"

"Ufunguo ni wake."

"Lakini Merle hakufanya kitu."

"Ndivyo unavyosema," Urquidez alijibu, akamwacha amesimama pale.

Alasiri alirudi Palisade, akamwambia Merle amwonyeshe mruko kutoka filamu yoyote ile kati ya zile nne.

"Wewe? Utazame kauboi?"

"Kikazi."

Akakaa peke yake katikati ya viti vitupu. Farasi walikimbia bila muziki, kwato tu na mkwaruzo wa mkanda, kama mtu anayekaanga. Mashujaa walisogea mmojammoja kuongea karibu na kichaka kilekile, kwa kuwa ndani ya kichaka ndimo kilimofichwa kinasa sauti. Mmeksiko aliingia, akacheka, akafa. Urquidez alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea barua aliyoitarajia. Kisha gari likaponyoka, mpanda farasi akalifuata mgongo wake ukiwa kwetu, kofia imeshuka, milima nyuma yake yote. Akaruka. Akakatwa hewani.

"Rudisha, Merle."

Waliitazama mara tatu.

"Watu wa klabu hutazama nini hapa?" Urquidez aliuliza.

Merle alitoa kichwa dirishani mwa chumba cha mitambo. "Hapa hatazami mtu. Unajua desturi yetu? Picha iliyotumika tena ikitokea, wa kwanza kuitambua hupaza sauti, Nimekuona, anapewa kipande cha pai. Sasa ikiwa picha ni hii, Hobe husimama avue kofia, nasi wote tunageuka kumpigia makofi."

"Mnaligeuzia pazia mgongo."

"Tunamgeukia aliyeruka, afande. Ni heshima."

"Na wewe?"

"Mimi nakuwa naangalia taa ya mashine isizimike."

"Kwa hiyo kwa miaka yote hii," Urquidez alisema akisimama, "mji mzima haujawahi kuitazama picha hii hata mara moja."

Merle alirudisha kichwa ndani, akazima mashine.

Jumamosi asubuhi, watu wote wanne walikuwa ndani ya ukumbi. Vogel alikaa mbele, mkoba wake umeshafungwa. Idabel alikaa nyuma ya Hobe. Merle alikuwa juu, kichwa dirishani, macho mekundu. Vitu vyake alikuwa ameshavipanga kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa moja.

"Nianze na hili," Urquidez alisema. "Ndani ya kopo la sita palikuwa na pai."

"Pai yangu?" Idabel aliuliza.

"Ya aprikoti."

"Ile niliyoahidiwa?" Vogel aliuliza, na sauti yake iliumia kuliko alipopoteza mkanda.

"Hiyo. Mwizi aliiweka ili kopo liwe na uzito, asigutuke mtu mpaka mkanda wa tano uishe. Sasa, amlaghai nani? Anayefungua makopo ni mmoja tu, naye ni Merle. Merle angejilaghai mwenyewe kwa pai? Angechukua mkanda, akaacha kopo tupu, akaja kwenye onyesho kushangaa pamoja nasi. Kwa hiyo Merle siye."

Huko juu mtu alipiga chafya ndefu.

"Bwana Vogel?" afande aliendelea. "Mwizi aliichagua pai hii kwa sababu alijua hailiwi, hataiulizia mtu. Wewe uliitaka, tena jana ulinilalamikia. Huwezi kuiba kitu ukaja kulalamika kwa polisi kimekwenda wapi. Au unaweza, lakini si kwa uso ule."

"Nashukuru, nadhani," alisema Vogel.

"Mama Idabel anajua hailiwi. Lakini alikuwa ameshanong'onezwa na Bwana Vogel. Yeye peke yake katika klabu alijua kwamba juzi pai hiyo ilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo asingeichagua." Urquidez aliinua mkono. "Merle, washa. Na leo tafadhali asipaze sauti mtu, asisimame mtu, asigeuke mtu. Tazameni pazia."

Taa zikazimwa. Kwato, mkwaruzo, vumbi. Gari likaponyoka. Mpanda farasi akatokea, na kwa mara ya kwanza katika sinema ya Palisade aliruka watu wakimtazama.

"Simamisha. Kivuli cha farasi kimelala upande gani?"

Vogel ndiye aliyejibu, kwa kuwa hakuwa na la kupoteza. "Kimeelekea milimani."

"Na milima yetu iko wapi?"

"Magharibi," alisema Merle polepole kutoka juu. "Jua linatoka huku nyuma yetu. Hii ni asubuhi. Mungu wangu, ni asubuhi. Jioni majabali yale yanakuwa ndani ya kivuli cha mlima, hupati picha hata ya ng'ombe."

"Ni asubuhi," Urquidez alisema. "Na asubuhi Hobe Lunsford alikuwa kwenye gari la maziwa. Miaka sita hakukosa hata moja. Si maneno yangu. Hobe, una majigambo mawili, nami nimeyakuta yanapigana. Lipi ni la kweli?"

Hobe alikuwa ameivua kofia. Aliizungusha kwa vidole, akaizungusha tena.

"Maziwa," alisema.

Hakuna aliyecheka, ingawa ilistahili.

"Sikutaka kumdhuru Merle," Hobe alisema. "Naapa. Nilidhani watasema mkanda umesahaulika Los Angeles, tutacheka, tutakunywa kahawa. Ufunguo sikuufikiria. Usiku wa jana sikulala. Nilikuwa nije leo kusema, nikafika mlangoni, nikaketi kama kawaida. Siku ya mruko nilipita pale na maziwa. Niliona. Alipotua, kofia iliruka. Mkanda ule ukionyeshwa, mji mzima utaiona kofia ikiruka."

"Wataona nini?" Vogel aliuliza.

"Nywele," alisema Idabel nyuma yake. "Mikia miwili. Niliisuka mwenyewe alfajiri hiyo, nikamwambia baba nakwenda kumsaidia shangazi kufua."

Vogel aligeuka kiti kizima.

"Mpanda farasi wao alivunjika mkono jana yake," Idabel aliendelea, kama anayeeleza upikaji wa mchuzi. "Wakauliza nani anaweza. Nikasema mimi. Wakanionya nisiseme, kwa sababu hakuna mtu atakayelipia tiketi amwone binti wa mchungaji akimwokoa kauboi. Baba naye angenimaliza. Nikanyamaza. Kisha siku moja namsikia Hobe kwa kinyozi anasimulia alivyoruka."

"Na ukamwacha?" aliuliza Urquidez.

"Alikuwa ametoka vitani na goti lile, halali, hali. Siku hiyo kwa kinyozi alikula andazi lake lote. Nikasema, acha ale." Akamgonga Hobe begani kwa kidole. "Mruko nilikupa, Hobe. Miaka yote hii umekuwa wako. Lakini pai yangu, kwenye bati lenye harufu ya dawa?"

"Nilishika kilichokuwa karibu."

"Na jiwe la msingi ni nini?"

"Nisamehe, Idabel."

"Hilo la jiwe nitalifikiria."

"Mkanda uko wapi?" Vogel alisimama. "Umeuchoma?"

Hobe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Niuchome? Nimeufunga kwa shuka, uko kwenye ghala la chini nyumbani kwangu, penye baridi. Merle ametufundisha, mikanda ya zamani haipendi joto." Akamgeukia Urquidez. "Nikaulete, au unanifunga kwanza?"

"Mwenye mali ni yule."

Vogel alikuwa bado amelikazia macho pazia, pale mpanda farasi aliponing'inia hewani. "Tangu filamu hii ipigwe," alisema taratibu, "hakuna mkusanyaji aliyejua kwamba yule ni mwanamke." Alikaa chini. "Sishtaki. Kwa sharti moja: nioneshwe akitua. Masharti mawili. Na pai nyingine."

"Na la tatu langu," alisema Urquidez. "Hobe, ile hadithi imetoka kinywani mwako. Kabla ya onyesho, irudi kwa kinywa hichohicho, watu wakiwa wamekaa."

Saa nane ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Hobe alisimama mbele ya pazia, kofia mkononi. Alisema hakuruka, aliyeruka ni Idabel Crane, na yeye alikuwa anapeleka maziwa. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama maziwa angalau yalikuwa yake. Hobe akasema la, yalikuwa ya ng'ombe, na kicheko kilichofuata kilimsindikiza hadi kwenye kiti alichotengewa, jirani na Idabel. Merle alizima taa. Sanduku lake lilikuwa limesharudi chumbani, na limefunguliwa.

Mikanda mitano ilikwenda kama mikanda hiyo inavyokwenda. Urquidez alikuwa safu ya nyuma na bisi zake, na Mmeksiko wa filamu hii aliishi hadi mkanda wa nne. Afande alikiri baadaye kwamba alianza kumzoea. Kisha ukaingia wa sita. Gari likaponyoka. Farasi, vumbi, mruko, na safari hii hakukatwa mtu: mpanda farasi alitua juu ya gari, akayumba, kofia ikaenda na upepo, na mikia miwili ya nywele ikachapa hewa kama hatamu.

Watu hawakuwa na neno la kupazia sauti picha ambayo hawajawahi kuiona. Halafu kelele zikaanguka kama dari, watu wakageuka, na safari hii waligeukia kiti cha pili, cha Idabel.

Hobe aliinama kumsemesha. "Umejionaje?"

"Sijui," alisema Idabel.

"Hujui vipi?"

"Nimefumba macho." Alikuwa bado ameyafumba. "Na siku ile pia nilifumba. Hobe, mtu unarushwa hewani juu ya farasi sita, ulidhani nilikuwa natazama mandhari?"

Hobe alisimama, akageukia dirisha la huko juu, akamwambia Merle airudishe. Merle hajawahi kurudisha mkanda nyuma watu wakiwa ndani. Hiyo ilikuwa sheria yake kuu kuliko zote, na huko juu alisikika akiitaja kwa sauti mikono yake ikiwa tayari inaivunja. Kwato zikaanza upya. Idabel alishika mikono yote miwili ya kiti.

"Bado," Hobe alisema karibu na sikio lake, macho yake yakiwa kwenye pazia. "Bado. Bado kidogo. Haya, Idabel, fumbua."